Kwa nini kila mchoro wa chuma unaandika bolti za M20? Fundi wangu anasema M16 inatosha

#1 Mahindi_Kibaigwa
Wakuu kwema? Najenga ghala la mahindi pale Kibaigwa, upana mita 15 urefu 30, nguzo na bimu za chuma, bati juu. Injinia kanipa mchoro, kila maungio kaandika bolti M20 8.8, yaani unene mm 20, na 8.8 ni gredi ya nguvu yake. Begani (nguzo inapokutana na bimu ya juu) M20, kileleni (bimu zinapokutana katikati ya paa) M20, hadi kale kachuma ka kushikilia tu nguzo zisicheze napo M20. Sasa fundi wangu wa Kizota, mtu mzima, kazi zake zimesimama miaka na miaka, ananiambia bosi hapa unatupa hela, M16 inatosha na sehemu nyingine hata M12, tena zipo madukani kibao leo leo tunabeba. Nikampigia injinia akasema "fuata mchoro" akakata simu. Nimechungulia na mchoro wa jirani yangu anayejenga shedi ya alizeti, injinia mwingine kabisa, na yeye M20! Hii M20 inatoka wapi jamani? Wamefundishwa na mwalimu mmoja?

#2 kijana_wa_AreaC
Fuata mchoro.

#3 Chiku_M
Hahahaa #2 ndo yule injinia mwenyewe kaingia na akaunti nyingine

#4 Injinia_Ihumwa
Mkuu nikujibu kwa upande wetu. Ofisini tunaanza na M20 kwa sababu ya saiti na sio hesabu peke yake. Ukimpa fundi M12, M16, M20 na M24 kwenye kazi moja, ikifika saa nane mchana jua la Dodoma linawaka, mtu yuko juu ya ngazi, anachukua bolti iliyo karibu na mkono. M16 inaingia kwenye tundu la M20 bila kulalamika, inacheza tu humo ndani na nati ikikazwa wala huoni tofauti ukiwa chini. Kwa hiyo tunachagua saizi moja kwa kazi nzima, drili moja ya mm 22, spana moja ya 30, halafu panapohitaji nguvu ndogo tunapunguza idadi ya bolti badala ya saizi. Hako kachuma kako kadogo kana M20 mbili kwa sababu hiyo, wala sio kwamba kanabeba chochote cha maana.

#5 Spana_Nkuhungu
Maelezo mazuri lakini tusidanganyane, asilimia kubwa ni kopi pesti. Mchoro wa ghala la Kongwa unabadilishwa jina unakuwa wa Bahi, unabadilishwa tena unakuwa wa Manyoni. Nimeshakuta mchoro una jina la mteja mwingine pembeni hawajafuta. Hapo M20 imetoka kwenye faili la zamani basi.

Ila na mimi kama fundi namwambia mtoa mada aachane na M12 kwenye chuma kinachobeba. M12 ya kawaida kijana mwenye mkono akiweka spana na kipande cha bomba anaikata. Anakaza anasikia imelegea ghafla, anadhani nati imekaa, kumbe imeshavutika. Anaiacha hivyo hivyo. M20 huwezi kuikata kwa mkono na spana ya kawaida, labda uwe una hasira na mtu.

#6 Kipimo_Sahihi
Mbona mnakimbilia saizi, anzeni na gredi. M16 anayosema fundi wako ni 8.8 au 4.6? Hapo ndo pana mchezo. Bolti ya 4.6 ikivutwa inakatika kwenye nyutoni 400 kwa kila milimita mraba, 8.8 inakatika kwenye 880, zaidi ya mara mbili. Angalia kichwani pameandikwa.

#7 Muhandisi_Nzuguni
@Kipimo_Sahihi nakubaliana na hoja ila namba hapana. 8.8 ni 800 na sio 880. Namba ya kwanza zidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika, yaani 800. Ya pili baada ya nukta inakwambia inaanza kuvutika jumla, isirudi tena, kwenye sehemu gani ya hiyo, sehemu nane kati ya kumi, yaani 640. 4.6 ni 400 na 240. 10.9 ni 1000 na 900. Kwa hiyo ni mara mbili kamili kwenye kukatika, ila kwenye kuanza kuvutika ni zaidi ya mara mbili na nusu.

#8 Mnyaturu_Mjini
Mi sio mtaalamu ila 16 kwa 20 ni asilimia 80, fundi amekupunguzia asilimia 20 tu, na mainjinia huwa wanajazia usalama hadi mara mbili. Piga M16 ule pilau.

#9 Muhandisi_Nzuguni
@Mnyaturu_Mjini ungekuwa unapima urefu ningekubali. Bolti inabeba kwa eneo, na eneo lenyewe ni la pale kwenye thredi. M16 ni mm mraba 157, M20 ni 245, M24 ni 353. 157 kwa 245 ni asilimia 64. Umepoteza zaidi ya theluthi. Sasa weka na gredi: M20 ya 8.8 kwa kukatwa (pleti mbili zikivutana kinyume kama mkasi) inabeba kama kN 94, kN moja ni kama uzito wa kilo 100, M16 ya 8.8 inabeba 60, M16 ya 4.6 inabeba 30. Fundi akisema "M16 inatosha" halafu akaleta za 4.6 amekushusha kutoka 94 hadi 30, chini ya theluthi moja ya alichoandika injinia. Hapo hata huo usalama wa mara mbili unaousema umeshaliwa wote.

#10 Injinia_Ihumwa
Sisi tunatumia 92 kwa M20 sio 94. Nguvu ya kukatwa 375 kwa mm mraba, mara eneo 245.

#11 Muhandisi_Nzuguni
Hiyo BS 5950 mkuu, kanuni ya chuma ya Waingereza, na wenyewe waliiondoa 2010. Ya 94 ni Eurocode, kanuni ya Ulaya. Tofauti ya kN 2 haijengi wala haibomoi ghala.

#12 Injinia_Ihumwa
Imeondolewa Uingereza, Dodoma bado ipo kabatini na inafanya kazi 😂

#13 MzeeWaReli
Vijana mbukwenyi. Mmesahau historia. Reli ya kati ilifika hapa Dodoma 1910, madaraja ya chuma ya enzi zile hayakuwa na bolti bali rivet, msumari mnene unachomwa moto mpaka unakuwa mwekundu, unapigwa nyundo ukipoa unajibana wenyewe. Bolti za nguvu kubwa zilianza kuchukua nafasi ya rivet miaka ya 1950 huko kwa wenzetu. Sasa saizi iliyokuwa imezoeleka kwenye kazi za kawaida ni robo tatu ya inchi, ambayo ni mm 19. Walipohamia milimita iliyo karibu ni M20. Kwa maoni yangu mainjinia wenu wamerithi robo tatu ya babu zao wakaibadilisha jina. Hakuna hesabu hapo ni urithi.

#14 Chiku_M
Shikamoo mzee. Kwa hiyo injinia wa mtoa mada karithi kwa Mjerumani

#15 MzeeWaReli
Marahaba. Mjerumani alishatumia milimita zamani, inchi ni ya Mwingereza. Usinichanganyie madawa.

#16 Spana_Nkuhungu
Mzee kanikumbusha kitu, hii robo tatu bado inaua watu hapa mjini. Kwenye maduka zipo bolti za inchi zimechanganywa na za milimita kwenye ndoo moja. Sasa robo tatu ya inchi ina thredi kumi kwa inchi, yaani hatua ya mm 2.54, na M20 ina hatua ya 2.5. Zinakaribiana mno. Unachukua nati ya M20 unaiweka kwenye bolti ya robo tatu inaingia vizuuuri kwa vidole mpaka mwisho, muuzaji anakwambia umeona, si hiyo hiyo. Kumbe bolti ni nyembamba kwa karibu milimita moja, thredi zinashikana kwa ncha tu. Ukiikaza kwa nguvu nati inaruka thredi, na kama haijaruka siku hiyo itaruka siku upepo ukija. Dalili yake chukua nati ukiwa umeifunga nusu, itikise kushoto kulia, ikicheza kuliko kawaida weka chini. Na spana ya 30 inayumba kwenye kichwa chake maana kichwa cha robo tatu ya kawaida ni kama 28 na nusu. M16 haina hilo tatizo, ya inchi iliyo karibu nayo thredi zinagoma mapema.

#17 Mahindi_Kibaigwa
Aisee #16 asante. Kesho napita kununua spana ya 30 yangu mwenyewe hahaha

#18 Binti_wa_Pleti
Naona wote mmeng'ang'ania bolti, mmeuliza pleti ni ya unene gani? Nafanya kazi karakana ya chuma hapa Dodoma na kesi nyingi ninazoziona bolti iko salama kabisa, tundu ndo limekuwa yai. M20 ya 8.8 kwenye pleti ya mm 6 ambayo tundu liko mm 40 kutoka ukingoni, chuma cha kawaida, tundu linabondeka kwenye kama kN 60 wakati bolti ingeweza 94. Umelipia 94 unapata 60. Ni sawa na kushona chandarua kwa uzi wa gunia. Pleti ikiwa mm 10 ndo bolti na pleti vinakaribiana. Kwa hiyo fundi akisema M16 inatosha kwenye pleti nyembamba ya mm 6 hajakosea sana, ila sababu aliyokupa sio hiyo.

Halafu kuna tundu lenyewe. M16 hadi M24 unaongeza mm 2 tu, yaani M20 tundu 22. Sasa mtu hana drili ya 22 anatoboa kwa gesi, tundu linatoka 26 lina meno meno, washa inazama, na umbali wa kutoka ukingoni umeliwa. Mimi ningekagua matundu kwanza kabla sijagombana na fundi kuhusu M ngapi.

#19 Spana_Nkuhungu
Dada kwa gesi tunatoboa kwa sababu mnatuletea pleti zimefika saiti matundu hayalingani. Karakana inakosea, fundi wa saiti anaambiwa malizia hivyo hivyo bosi yuko njiani na wageni.

#20 Binti_wa_Pleti
Karakana inakosea kwa sababu msingi umemwagwa nguzo zikakaa sentimita mbili nje ya mstari kaka. Tuendelee?

#21 Chiku_M
👀 naleta karanga

#22 Muhandisi_Nzuguni
Tuache ugomvi, nimpe mtoa mada picha ya begani maana ndo pabaya. Pale nguzo inapokutana na bimu ya juu, bolti za juu zinavutwa na za chini zinasukumwa, na ikija pepo ya kunyanyua paa mambo yanageuka. Mfano tu wa kukadiria, tuseme momenti (nguvu ya kupinda) ni kN mita 100 na umbali kutoka bolti za juu hadi chini ni nusu mita kasoro, 0.4. Mvuto ni kN 250. M20 ya 8.8 inavutwa mpaka 141, mbili za mstari wa juu ni 282, unapita. M16 ya 8.8 ni 90, mbili ni 181, hupiti, inabidi uweke mistari miwili, na mstari wa pili uko chini zaidi kwa hiyo msaada wake ni mdogo kuliko wa kwanza. M24 mbili zinapita kwa mbwembwe lakini zinataka pleti pana, zinataka nafasi ya spana ya 36 iingie katikati ya ukuta wa bimu na bolti, na bimu zetu nyingi ni nyembamba hapo spana haizunguki. Kwa hiyo M20 inakaa katikati. Kwangu hilo ndo jibu, sio urithi wala kopi.

Na kumbuka pleti ikiwa nyembamba hapo begani inapinda, ikipinda inaikamua bolti mvuto wa ziada juu ya ule uliohesabu. Ndo maana utaona pleti ya mwisho wa bimu ni mm 15 au 20 na watu wanashangaa mbona nene hivi.

#23 kijana_wa_AreaC
Kwa hiyo fuata mchoro.

#24 Tetemeko_Watch
Hamjataja tetemeko! Dodoma tupo ukingoni mwa Bonde la Ufa, nyumba zinatikisika tunahisi. Mi ningeweka M24 kote.

#25 Injinia_Ihumwa
Tetemeko linasukuma kwa kadiri ya uzito wa jengo. Ghala la bati ni jepesi, upepo unalitesa zaidi. Jengo la zege la ghorofa tano hiyo ni hadithi nyingine. Kwa bati wasiwasi wangu ni bolti za chini kwenye msingi, maana paa jepesi likinyanyuliwa mvuto wote unashuka kule. Na kule ndo watu wanakata nondo ya 20 wanachonga thredi wanaita anka. Ukichonga thredi kwenye nondo unakula nyama yote ya nje na mbavu, kinachobaki sio 20 tena, na wengine wanaikunja kwa kuchoma moto pale pale kwenye kona. Mtoa mada, zako za chini zimeandikwaje?

#26 Mahindi_Kibaigwa
Zile za chini tu ndo sio M20, ni M24 nne kila nguzo. Fundi alisema atatengeneza mwenyewe kwa nondo.

#27 Injinia_Ihumwa
Haya sasa.

#28 Dereva_wa_Morogoro_Road
Samahani natoka nje ya mada kidogo, hivi SGR inayopita hapa reli zake zimefungwa na bolti saizi gani? Maana nikipanda kwenda Dar najiuliza

#29 MzeeWaReli
Zile zimebanwa kwa klipu za springi juu ya mataruma ya zege. Safari njema.

#30 Chuma_Ngumu
Mimi nashauri 10.9 mmalize ubishi. Ndogo, ngumu, M16 ya 10.9 unakaribia M20 ya 8.8.

#31 Muhandisi_Nzuguni
Kwa kuvutwa ndio inakaribia, 113 kwa 141. Kwa kukatwa kwenye thredi hapana, kanuni inaipunguza 10.9 kwa sababu ni kavu, haivutiki sana kabla ya kukatika, unapata 63 tu dhidi ya 94. Na 10.9 inataka uangalifu ikichovywa zinki, ile asidi ya kusafishia inaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma bolti ikakatika yenyewe baadaye bila mzigo kuongezeka. London jengo refu la Leadenhall 2014 bolti zake kubwa zilivunjika, kipande kimoja kikaanguka hadi chini, chanzo kikawa hiyo haidrojeni. Sasa wewe wa Kibaigwa ya nini yote hayo.

#32 Chuma_Ngumu
Kama hoja ni ajali, ile hoteli ya Kansas City 1982 iliua watu zaidi ya mia sababu bolti zilikuwa ndogo. Saizi ni saizi tu.

#33 Kipimo_Sahihi
Leo zamu yangu kusahihisha 😁 Ni 17 Julai 1981, walikufa 114, na hazikuwa bolti ndogo. Yalikuwa madaraja ya kutembelea ndani ya ukumbi yanayoning'inia kwa fimbo za chuma. Mchoro wa kwanza fimbo moja inapita daraja la juu hadi la chini. Wakabadilisha wakati wa kutengeneza ikawa fimbo mbili, ya chini ikaning'inizwa kwenye bimu ya daraja la juu, kwa hiyo nati ya pale juu ikabeba mzigo wa madaraja mawili badala ya moja. Fimbo haikukatika, ni nati na washa vilivyochomoka kupitia kwenye bimu. Yaani kilichoua ni mabadiliko ya mchoro ambayo hakuna aliyeyapigia hesabu. Inamhusu sana fundi wa Kizota.

#34 Spana_Nkuhungu
Na inamhusu injinia anayekata simu.

#35 Mahindi_Kibaigwa
Mrejesho wakuu. Nilikwenda na fundi mpaka Majengo. Duka la kwanza M16 wanazouza kichwani hakuna kitu, patupu, hakuna namba wala alama ya kiwanda. Namuuliza muuzaji hii ni gredi gani anajibu "hii ni ngumu mzee". Duka la pili zipo M20 za 8.8 zimeandikwa vizuri lakini nati zake zimetoka kwenye mfuko mwingine hazina alama yoyote. Fundi anasema nati ni nati.

#36 Binti_wa_Pleti
Nati sio nati. Bolti ya 8.8 inataka nati iliyoandikwa 8. Ukiweka laini inaruka thredi kabla bolti haijafika kazini. Ichukue seti moja, bolti nati washa vya sehemu moja, kama hakuna agiza Gerezani kule Dar subiri basi. Na ukifunga hakikisha thredi inatokeza nje ya nati walau moja. Na vumbi la mwezi wa saba wa nane huku kwetu pangusa thredi kwanza, mchanga ukiingia nati inagoma katikati mtu anadhani imekaza kumbe pleti hazijagusana.

#37 Mnyaturu_Mjini
Inakazwa kiasi gani? Lazima toki renchi?

#38 Spana_Nkuhungu
Kwa ghala la kawaida hapana. Pleti zigusane, mtu mmoja spana ya kawaida avute mpaka pagome. Toki renchi ni kwa zile zinazofanya kazi kwa msuguano, madaraja, reli ya kreni, mashine inayotetemeka. Hapo M20 ya 8.8 inavutwa kufika kN 137 wakati wa kukaza, mkono hautoshi. Na hii nayo ni sababu ya M20 ambayo hamkuitaja, ndo kubwa ya mwisho ambayo fundi mmoja anaikaza vizuri bila kuita mwenzake. M24 inataka spana ndefu na mtu wa pili.

#39 Injinia_Ihumwa
Hiyo nakubali kuliko ya urithi wa babu.

#40 MzeeWaReli
Na kwa nini mkono wa fundi unatosha robo tatu ya inchi? Kwa sababu babu walishaipima kabla yenu. Tunarudi pale pale.

#41 Mahindi_Kibaigwa
Injinia amepokea simu leo. Nikamwambia fundi anataka M16 kwenye vile vichuma vya pembeni tu, begani na kileleni abaki na M20. Kasema kwa upande wa nguvu ya bolti inawezekana lakini hataki, maana itabidi abadilishe mchoro mzima, atoe barua, na "ukichanganya saizi sitakuja saiti". Anka kasema nondo hapana, ziagizwe. Fundi kanuna.

#42 Kipimo_Sahihi
Kwa hiyo ni sababu ya #4, saizi moja kazi nzima.

#43 Spana_Nkuhungu
Au hataki kufungua faili la Kongwa 😂😂 muulize mchoro una jina la nani pembeni

#44 Mahindi_Kibaigwa
Nimeangalia sasa hivi. Pembeni chini pameandikwa "SHEDI YA ALIZETI".

#45 Chiku_M
Nimeanguka kwenye kiti

#46 Muhandisi_Nzuguni
Sawa lakini alizeti au mahindi, upana ni ule ule mita 15? Weka hapa urefu wa nguzo na nafasi kati ya fremu, na ya jirani yako pia, tuone kama hesabu zimebadilika. Usinunue kitu kabla.